Mwanamke Hapigi Mluzi

Mwanangu Githinji alikamatwa kwa kosa la ndege. Nasema hivyo mapema msije mkadhani aliiba, au alimpiga mtu, au alifanya jambo lolote la kuonyesha kwamba ana ujasiri. Alikuwa amekaa mlangoni anabandua matope kwenye viatu kwa kijiti. Gachanja akaja na bunduki na wenzake wawili, wakamwambia asimame, akasimama na kiatu kimoja mkononi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari, katika shamba la kahawa lililo kati ya Ruiru na Thika. Serikali ilikuwa imetukusanya sote kambini, nyumba imebanana na nyumba, mtaro umechimbwa pande zote, na sisi ndio tuliouchimba. Mlangoni wakawekwa vijana wetu wenyewe watulinde tusije tukajidhuru. Hao ndio homgadi, na Gachanja alikuwa mkubwa wao. Mimi Gachanja nilimjua tangu akikimbia uchi na makamasi puani. Sasa alikuwa na koti la kijeshi lililomfika magotini, na hekima iliyomjia siku ile ile alipopewa koti.

Chini ya kambi kulikuwa na mto, na kando ya mto kipande cha msitu. Mzungu mwenye shamba hakukikata kwa sababu ukingo ulikuwa mkali mno, kahawa isingesimama. Kilikuwa kidogo lakini kilikuwa msitu kweli, mbichi na mweusi, miti imefungamana juu hata mvua ikiisha kunyesha asubuhi, humo ndani iliendelea kudondoka mpaka mchana. Kila jioni, kafyu ikikaribia, mtu alikuwa akipiga mluzi humo. Sauti tatu zinapanda, moja inashuka. Na kutoka huku kwetu, pale wanawake wanapochotea maji, mtu alikuwa akijibu.

Gachanja alisikia. Siku nyingine akasikia tena. Akatumia kichwa chake, kazi ambayo hakuizoea, akapata jibu: watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, wana mwenzao kambini, na wanazungumza kwa mluzi. Sasa, nani kambini anapiga mluzi? Githinji. Githinji alifanya kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa, hapo hapo mtoni, na akiosha kahawa kwenye matangi alikuwa na tabia ya kupiga mluzi nyimbo za kanisa. Alizipiga zote kwa sauti moja, ya Krismasi na ya maziko huwezi kuzitofautisha. Kesi ikaisha kabla haijaanza.

"Jumamosi lori itakuja," Gachanja aliniambia. "Ataenda Thika achujwe. Kama ni msafi, atarudi."

"Ushawahi kuona mwenye alirudi?" nikamuuliza.

Akatazama bunduki yake, akaniita mama kwa lugha yetu. "Maitu, mimi si serikali yote. Mimi ni ya hapa tu."

Wakamfungia kwenye kibanda cha bati pale langoni. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda, na sikuona aibu kulia, kwa sababu Githinji ndiye mtoto aliyenibakia. Waliopelekwa kuchujwa kutoka kambi yetu walikuwa wamekwenda na nguo walizovaa, na wake zao walikuwa bado wanawawekea chakula.

Hapo ndipo mkamwana wangu Kamene alipoweka mtungi chini, akanipigia magoti, akaniita mama kwa lugha ya kwao, na kusema, "Mwaitu, ni mimi."

Lazima niwaeleze habari za Kamene. Nilimwomba Mungu anipe mkamwana Mkristo, mchapakazi, mwenye adabu. Mungu akanipa yote hayo, ila nilisahau kumtajia kabila. Githinji alikwenda Ngoliba kutafuta kazi ya mkonge, akarudi na msichana wa Kikamba, binti wa mzee mmoja aitwaye Kiilu, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Nilimpokea vizuri. Muulizeni mtu yeyote. Nilimwambia tu, siku ya kwanza, jinsi tunavyofagia, jinsi tunavyokata sukuma, jinsi tunavyofunga mzigo, na jinsi tunavyopumua.

"Ni wewe nini?" nikamwambia.

"Ni mimi napigaga hiyo mluzi, huko kwa maji. Na mwenye ananijibu si mtu. Ni ndege."

Nilikuwa na mambo mawili ya kukasirikia kwa wakati mmoja, na kama kawaida yangu nikaanza na lile dogo. "Mluzi? Wewe? Kwa nyumba yangu?"

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Bibi yangu alisema mwanamke akipiga mluzi anaita kifo bomani. Mama yangu alisema hapana, maziwa ndiyo yanayokauka. Kisha wamisionari wakaja, wakatuondolea ngoma, na pombe, na mafuta ya kujipaka, na kila kitu kilichokuwa na ladha. Walipofika kwenye hili la mluzi wakaona ni zuri, wakaliacha. Kwa hiyo lilikuwa limekatazwa na wazee na limekatazwa na kanisa, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa.

"Kwetu Ngoliba wasichana wanachunga mbuzi," Kamene akasema, macho chini. "Mbuzi haisikii kuombwa. Baba alinifundisha nikiwa mdogo. Nikiwa peke yangu kwa maji, midomo inaanza yenyewe. Siku moja nikapiga ile ya kuita mbuzi jioni, na msitu ikanirudishia. Vile vile, Mwaitu. Nikafikiri ni baba amekuja. Nikatupa mtungi nikakimbia ndani ya miti nikiita baba, kumbe ni kandege. Nikalia sana siku hiyo. Halafu nikawa naenda kila siku."

Alikuwa ameishi nyumbani kwangu tangu mavuno yaliyopita, na mtu wa kwanza kumjibu kwa lugha yake alikuwa ndege. Sikulipenda wazo hilo, nikaliweka kando.

"Kesho utanionyesha," nikamwambia. "Na kama hakuna ndege, utaniambia jina la huyo mwanamume."

Tulikwenda alfajiri, na mitungi yetu, kama watu wema. Kamene aliniketisha kwenye mzizi wenye maji na kuniambia nisijitikise. Nimezaa, nimefukiwa na ukuta wa nyumba, nimechimba mtaro wa serikali, lakini jambo gumu kupita yote ni kukaa kimya huku siafu wanakusoma miguu. Kamene akakunja midomo. Akapiga. Nami nikageuza uso, kwa maana kuna mambo mama mkwe hapaswi kuyatazama.

Msitu ukajibu, juu ya kichwa changu kabisa.

Nilitarajia ndege mwenye kosa kubwa namna ile awe na mwili wa kutosha. Alikuwa wa kujaza kiganja, basi. Kifua rangi ya chungwa, mgongo kijivu, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe, kama mzee aliyepakwa chokaa akasahau kunawa. Watu wa pwani, nimeambiwa baadaye, humwita kurumbiza. Sisi hatukuwa tumemwita chochote, kwa kuwa halimi, haliwi, na hali mazao ya mtu. Alishuka chini, akaruka ruka, akapindua jani, akatazama chini yake, akaliacha kwa dharau akaenda la pili. Mkia wake haukutulia hata kidogo. Kisha akatutazama sisi, kwa jicho moja, na nikahisi nimepimwa na kuonekana sifai.

"Huyu ndiye jeshi?" nikauliza.

"Ndiye, Mwaitu."

Basi tukaanza kazi ya kumjua, maana Jumamosi haikuwa mbali na yule ndiye shahidi pekee tuliyekuwa naye. Nimewahi kushughulika na mashahidi wa kila aina, lakini huyu aliwapita wote kwa kiburi. Kwanza, aliimba alfajiri na magharibi tu. Mchana kutwa alikaa gizani kimya, akafuata msafara wa siafu, na kila mdudu aliyetoka mbio kuwakimbia akamdaka yeye bila kutoka jasho. Nilimwambia Kamene kwamba huyu angefaa kuwa chifu. Pili, hakuwa na neno lake mwenyewe. Alipiga sauti ya mwewe, kuku wa jirani wakajificha. Alipiga sauti ya kipanga, ya kware, ya chura hata. Ukimsikiliza unasema hapa pana ndege kumi, na kumbe ni huyo mmoja, ameiba kwa wote na hajaomba radhi kwa yeyote. Tatu, alichukia watu wanaosimama. Ukisimama, haonekani. Ukikaa chini kabisa, makalio kwenye matope, anakusogelea mpaka karibu na vidole.

Lori za serikali, kama mnavyojua, haziji alfajiri. Huja serikali ikisha kunywa chai. Kwa hiyo ilitubidi tutafute mahali ambapo ndege huyu angekubali kuimba jua likiwa juu. Kamene ndiye aliyepapata. Kulikuwa na chemchemi ndani kabisa, ukingo umeingia kama pango na miti imeifunika, saa sita ya mchana unaona kama jua limetua. Hapo alijibu. Si mara zote. Lakini ukikaa, ukawa mpole, ukampa muda wa kukudharau kwanza, alijibu.

Nitasema ukweli. Siku zile nilikuwa naenda kwa sababu ya mwanangu, lakini nikifika pale nilikuwa nafurahi. Nilikaa na Kamene kwenye matope, hatusemi, na yule mwizi mdogo akipindua majani mbele yetu. Nilikuja kugundua kwamba mkamwana wangu ana kicheko. Kifupi, cha puani. Nyumbani kwangu sikuwahi kukisikia, na sikuuliza kwa nini, jibu nililijua.

Jioni ya Alhamisi nilikwenda kwa Gachanja nikamweleza yote, tangu mbuzi mpaka chemchemi. Alinisikiliza vizuri sana. Hata alinipa kiti.

"Maitu," akasema, "hata kama ni uongo, tafuta ile inafanana na kitu. Mwanamke hapigi mluzi."

"Huyu anapiga."

"Hapigi. Mimi nimeoa, najua wanawake."

Alikuwa tayari kuamini kwamba jeshi zima limelala katika kipande cha msitu ambacho ng'ombe mmoja akijinyoosha anatokeza pande zote mbili. Lakini mwanamke mmoja mwenye midomo, hapana, hilo lilipita akili ya binadamu.

Nikaenda kwa Zacharia. Zacharia alikuwa karani wa kupima kahawa na mzee wa kanisa, na kazi zote mbili alizifanya kwa kukunja uso. Homgadi walimsikiliza. Nilimwomba aje nami Jumamosi, aseme neno. Yeye aliniamini mara moja, na hilo ndilo lililomtisha.

"Waithira," akasema, "wewe ni kiongozi wa akina mama. Ukisimama mbele ya watu useme nyumba yako iko na mwanamke wa mluzi, utaokoa kijana lakini utaua jina ya nyumba."

"Jina nitapika nayo nini, Zacharia?"

"Tuombe," akasema. Akaomba, kwa muda mrefu, na Mungu akaelezwa kwa kirefu kwa nini Zacharia hawezi kuja.

Jumamosi lori likaja, na mbele yake gari dogo la Bwana Shauri mwenyewe, ofisa wa wilaya kutoka Thika, kijana wa Kizungu, mwekundu, mwenye magoti wazi. Watu wote waliambiwa wasimame uwanjani watazame, wajifunze. Githinji akatolewa kibandani, mikono imefungwa, akapandishwa lorini. Hakututazama. Alikuwa amekonda, na kile kiatu kimoja alikuwa hajapewa nafasi ya kukivaa vizuri, kamba zilikuwa zinaburutika.

Nikaenda nikasimama mbele ya lori. Sikujitupa chini ya magurudumu, kama wengine wanavyosimulia siku hizi. Nilisimama tu, lakini mimi ni mnene, na barabara ilikuwa nyembamba.

"Mama hii nataka nini?" Bwana Shauri akauliza.

Nikamweleza. Gachanja akajipa kazi ya kumtafsiria, ingawa nilikuwa nasema Kiswahili na Bwana Shauri alikuwa akijibu kitu ambacho naye alikiita Kiswahili. Gachanja alisema: "Bwana, mama hii ni mgonjwa ya kichwa. Anasema si kijana yake, ni ndege."

Yule kijana alikuwa ameshaanza kurudi kwenye gari. Akageuka. "Ndege? Ndege namna gani?"

"Kadogo," nikasema. "Kifua ya machungwa. Iko na alama nyeupe hapa juu ya jicho. Inaiga watu."

"Inaiga?" Akanisogelea. Macho yake yalikuwa yameamka. "Iko wapi?"

Kwa mwanangu hakuwa na dakika moja. Kwa ndege alizima injini. Akachukua miwani yake mirefu ya kutazamia mbali, akasema twende, na Githinji naye ateremshwe aje, kwa kuwa hakuna aliyetaka kubaki nyuma kumlinda. Tukateremka mtoni kama harusi: Bwana Shauri mbele, homgadi na bunduki zao, Githinji na kamba yake, nusu ya kambi nyuma, na Zacharia, ambaye sasa alikuwa amepata nafasi.

Kwenye chemchemi nikawaambia wakae chini.

"Chini wapi?" Gachanja akauliza, akitazama koti lake.

"Hapo kwa matope. Ndege haipendi watu wamesimama."

Bwana Shauri akakaa wa kwanza, na suruali yake fupi nyeupe. Basi wote wakakaa. Sijawahi kuona serikali imeketi vizuri namna ile. Kamene akatoka mbele kidogo, akapiga magoti kwenye majani, akakunja midomo.

Hakuna kilichotoka. Upepo tu.

Akalamba midomo akajaribu tena. Upepo. Wanaume wote walikuwa wakimtazama mdomo, wengine wanacheka chini chini, na Githinji, katikati ya bunduki mbili, alikuwa akitikisa kichwa polepole kumwambia aache. Hapo nilielewa kwamba mume wake mwenyewe alikuwa anaona haya kuliko alivyokuwa anaogopa. Kamene akanigeukia. Uso wake ulikuwa umepauka, mdomo mkavu kabisa kwa hofu. "Mwaitu," akasema, "imekataa."

"Sasa unaona, Bwana," Gachanja akasema na kuanza kuinuka. "Mwanamke hapigi mluzi."

Nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Nilikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, nilikuwa na kitambaa chao cheupe kichwani, na mzee wa kanisa alikuwa ameketi kwenye matope hatua chache kutoka kwangu. Tangu kuzaliwa sikuwahi kupiga mluzi hata kwa bahati mbaya. Lakini nilikuwa nimeusikia ule wa mbuzi asubuhi na jioni siku zote zile, na meno yangu mawili ya mbele yalikwisha kuniaga zamani, yakaniachia mlango. Nikalamba midomo, nikapuliza.

Ulikuwa mluzi mbaya. Mbuzi wa Kiilu wangekimbilia Tanganyika. Sauti ya tatu ilipanda isikotakiwa, na ya nne ikatoka na mate. Nilisikia Zacharia akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi, na mahali fulani nyuma mwanamke akamwita Mungu, "Ngai," polepole.

Nikapiga tena. Machozi yalikuwa yananitoka, nami sikuyafuta, maana nilijua kinachofuata kama nikishindwa, nilikuwa nimekiona lorini.

Na kutoka gizani, juu ya chemchemi, ndege akajibu. Akapiga zile tatu zinazopanda na moja inayoshuka, safi, bila haraka, kama mwalimu anayemrekebisha mtoto mzito. Kisha akashuka chini mbele ya kila mtu, kifua wazi, akapindua jani, akarudia.

Bwana Shauri alikuwa ameshika miwani yake hata vidole vimekuwa vyeupe. "Ajabu," akasema. "Ajabu kabisa." Hakusema neno jingine mpaka yule ndege alipochoka na sisi akaingia vichakani. Ndipo akainuka na matope yake, akanishika mkono, mimi, mbele ya homgadi wote, akaanza kuniuliza: anakula nini, anazaa mwezi gani, kiota anaweka wapi, anaiga ndege gani wengine. Mwanangu alikuwa amekaa kwa wiki kwenye kibanda cha bati na hakuna aliyemuuliza amekula nini.

"Bwana," nikasema, "na kijana?"

"Kijana nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama Githinji kama aliyekuta mwavuli wa mtu mwingine kwenye gari lake. "Oh. Hii fungua," akamwambia Gachanja. "Hii hapana makosa. Makosa ya ndege."

Kwa maana hiyo ushahidi wa mama mtu mzima ulikuwa wazimu, na ushahidi wa ndege ulikuwa ushahidi. Gachanja akafungua kamba. Jioni ile nilimsikia akiwaambia watu langoni kwamba yeye tangu mwanzo alishuku ni ndege.

Tulirudi nyumbani sote watatu. Nilidhani tutaimba. Githinji alitangulia mbele yetu, akatembea haraka, na tulipofika kwenye kahawa, pasipo na watu, akageuka.

"Maitu," akasema, "watu watasema nini? Mama yangu na mke wangu, wote wawili, mbele ya wanaume. Afadhali mngeniacha niende."

Kamene aliinamisha kichwa. Nilimpenda sana siku ile na nilitaka kumzaba kofi, na yote mawili yaliniuma mahali pamoja.

Wazee wa kanisa walikutana upesi, kwa jambo ambalo halikuwa na hatari kwao. Ikaamuliwa kwamba Jumapili nisimame mbele ya kanisa nitubu dhambi ya mluzi, la sivyo nitengwe na meza ya Bwana na kitambaa changu nikitoe. Kwa Kamene walisema ni mgeni, hakujua. Mimi nilijua. Aliyetumwa kuniletea habari hiyo alikuwa Githinji.

"Ni neno moja tu, Maitu," akasema akitazama ukuta. "Tubu, iishe."

Kanisa lilijaa. Hata wale ambao hujawaona tangu Pasaka walikuwa wameokoka ghafla. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na Zacharia mbele amekunja uso wake wa Jumapili. Akaniita kwa jina nikaenda mbele. Akasema dada yetu Waithira ana neno.

Nilikuwa nimeliandaa. Usiku kucha nililirudia: nisameheni, nilikosea. Nikafungua mdomo niliseme, nikamwona Githinji kwenye benchi la wanaume, amenyoa, amevaa shati ambalo Kamene alikuwa amelipiga pasi, anasubiri mama yake aaibike kwa niaba yake ili naye apumue. Hasira ilinipanda kutoka miguuni.

"Nilipiga mluzi," nikasema. "Mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mbaya. Mtoto wangu ni yule pale. Mwenye anasema nilikosa, asimame sasa, amshike Githinji mkono, amrudishe kwa lori. Akishampandisha, mimi nitatubu."

Hakuna aliyesimama. Watu wakatazama miguu yao. Kisha Zacharia akamgeukia Githinji, na nikajua anachotaka: mwana amkanye mama, kila mtu aende nyumbani kwa amani. Githinji akainuka. Niliogopa, kwa sababu namjua mwanangu, na namjua tangu hajatembea. Nilijua anaweza kuniombea msamaha mbele ya watu wote wale.

Akashika mgongo wa benchi lililo mbele yake. Alitazama upande wa wanawake mpaka akamwona Kamene.

"Mimi ndio ningekuwa kwa lori," akasema. "Si nyinyi."

Alikaa. Akatazama mikono yake. Zacharia akatangaza wimbo akasahau kutaja namba, waliojua wakaimba na wasiojua wakasikiliza, nami nikarudi mahali pangu na kitambaa changu kichwani. Kamene akanisogezea nafasi.

Mpaka leo sijatubu.